Wazazi wa Emily walitumaini nini hasa?

Kisa cha Emily Whitehead kimesimuliwa sana, na karibu kila msimulizi hukimbilia mwisho: mtoto wa kwanza duniani kutibiwa saratani ya damu kwa seli zake mwenyewe zilizobadilishwa maabara, na akapona. Wengi huongeza kwamba alipona kwa sababu wazazi wake hawakukata tamaa. Kauli hiyo inanikera. Maana yake, ukiigeuza, ni kwamba mzazi aliyemzika mwanawe alikata tamaa. Nimekipitia kisa hiki nikiwafuata zaidi baba na mama kuliko seli, na ninachokiona ni watu wawili ambao kila hali ilipobadilika walibadilisha walichokuwa wakikitumaini, kisha wakaenda kumuuliza daktari upya.

Tom na Kari Whitehead ni wakazi wa Philipsburg, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba alikuwa fundi wa nyaya za umeme, yule anayepanda nguzo dhoruba ikipita. Mama alifanya kazi ya utafiti chuo kikuu. Emily ni mtoto wao pekee. Mei 2010, muda mfupi baada ya kutimiza miaka 5, alianza kutokwa na michubuko ambayo hakuna aliyejua ameipata wapi, na usiku alilia miguu inauma. Vipimo vya damu vikatoa jibu: lukemia kali ya limfoblasti, ile inayowapata watoto kuliko saratani nyingine yoyote. Uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unaanza kufyatua seli nyeupe changa zisizokomaa, zinajaa mpaka seli nyekundu na chembe za kugandisha damu zinakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto anapauka, anachubuka bure, na mifupa inamuuma.

Tumaini la kwanza lilikuwa la hesabu, na lilikuwa na msingi. Wazazi waliambiwa kwamba katika watoto 100 wenye ugonjwa huu wanaotibiwa pale Marekani, 85 hadi 90 hupona kwa dawa za kawaida. Ni dawa za siku nyingi. Mojawapo, vinkristini, hutokana na ua dogo la petali tano ambalo asili yake ni Madagaska na ambalo watu wa pwani yetu wamelipanda uani kwa uzuri wake tu. Kazi ngumu iko kwenye muda. Mwezi wa kwanza dawa hufyeka seli mbaya mpaka darubini haizioni, mtoto anarudisha mashavu, anacheza, na bado kuna miaka miwili au zaidi ya sindano za mshipani, sindano za mgongoni na vidonge vya kila usiku nyumbani. Seli zilizojificha ndizo zinazowindwa muda wote huo.

Kwa Emily hata mwezi huo wa kwanza haukwenda salama. Kinga ikiwa imeshuka, maambukizi makali yaliingia kwenye nyama za miguu yote miwili, na ikafika mahali madaktari wakazungumzia kuikata. Miguu iliokoka. Nalitaja kwa sababu ni hapo wazazi walipoona kwamba dawa inayoponya inaweza pia kuua, na ujuzi huo ndio uliowafanya baadaye wasikubali kila walichopewa.

Oktoba 2011, baada ya miezi kama 16 ya matibabu, ugonjwa ulirudi. Hii ndiyo siku ambayo familia nyingi huikumbuka kuliko hata siku ya kwanza. Siku ya kwanza hujui kitu, daktari anakupa ratiba, unaifuata. Ugonjwa ukirudi katikati ya dawa, maana yake seli zilizobaki zimeshazizoea dawa hizo, na hesabu inaanguka. Wazazi walielezwa sasa kuhusu watoto 30 hivi katika 100. Tumaini likahamia kwenye upandikizaji wa uboho wa mtu mwingine. Masharti yake ni kwamba kwanza seli mbaya zishushwe kabisa kwa dawa kali zaidi. Tarehe ikapangwa, Februari 2012. Wiki mbili hivi kabla ya tarehe hiyo, lukemia ikaibuka tena, safari hii kwa kasi ambayo dawa hazikuigusa.

Upandikizaji ukafutwa. Kilichobaki mezani katika hospitali yao kilikuwa dawa kali nyingine, ambayo wazazi waliona ingeharibu viungo vya mtoto bila kumponya, au kwenda naye nyumbani na kumtunza asipate maumivu mpaka mwisho wake. Sisemi madaktari hao walikosea. Kwa elimu iliyokuwa imethibitishwa siku ile, walisema kweli, na kumtunza mtoto vizuri nyumbani si kushindwa. Mtu anayeidharau njia hiyo hajawahi kukaa na mtoto mwenye maumivu ya mifupa saa nane za usiku.

Tom na Kari walikwishaulizia mapema katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, upande wa pili wa jimbo. Waliposikia kuhusu jaribio jipya, lilikuwa halijafunguliwa kwa watoto. Walirudi kuuliza. Safari hii idhini ilikuwa imepatikana, na daktari Stephan Grupp alikuwa tayari kumpokea mtoto wa kwanza.

Sasa tusimame kwenye kile walichopewa wasaini, maana hapa ndipo kisa kilipo kizito kuliko hata usiku wa mashine ya kupumulia nitakaoufikia baadaye. Timu ya Carl June katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilikuwa imewatibu kwa njia hii watu wazima 3 tu kuanzia 2010, tena wenye lukemia ya aina nyingine, ile inayokwenda polepole. Wawili walipona kabisa kwa vipimo, mmoja kwa sehemu. Matokeo yalitangazwa Agosti 2011. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kujaribiwa. Na jaribio la hatua ya kwanza, kwa kawaida yake, halifanywi ili kumponya mgonjwa aliyemo ndani. Linafanywa ili kujua kama tiba ni salama na kwa kiasi gani. Kupona kukitokea ni heri. Mzazi anasaini karatasi inayosema hivyo kwa maneno ya kisheria, huku moyoni anasoma neno moja tu: tiba.

Je, huo ni uamuzi wa hiari, iwapo mlango wa pili ni kifo? Wapo wataalamu wa maadili wanaoona shaka. Mimi naona ni wa hiari ilimradi mtu ameambiwa mambo matatu bila kupambwa: kwamba hakuna aliyekwishapita njia hii, kwamba mtoto anaweza kufa kwa tiba yenyewe kabla ya saratani kumfikia, na kwamba kukataa si dhambi. Walichokuwa wakikitumaini Tom na Kari kilikuwa kimepungua mno kufikia hapo. Hawakuwa tena wakitumaini asilimia. Walitumaini kwamba bado kuna jambo ambalo halijajaribiwa. Walisali, wakawaomba ndugu na majirani wasali, na wakasaini. Sioni mgongano kati ya sala na saini; mgongano huwa pale mtu anaposali ili asiulize.

Tiba yenyewe inakwenda hivi. Damu ya mtoto inapitishwa kwenye mashine, zinachujwa seli T, askari wa kinga ya mwili. Maabara inaziingizia jeni mpya kwa kutumia kirusi kilichotengenezwa kutokana na HIV, kikiwa kimeondolewa uwezo wa kusababisha UKIMWI. Jeni hiyo inazifanya zitambue alama iitwayo CD19 iliyo juu ya seli B, ambazo ndizo zilizogeuka saratani. Ni kama mbwa wa polisi aliyenusishwa kitambaa cha mwizi. Seli hizo zinazalishwa kwa wingi, kisha zinarudishwa kwa mgonjwa. Kuanzia tarehe 17 Aprili 2012 Emily alipewa zake kwa mafungu, kidogo kwanza, kingi baadaye, siku tatu mfululizo.

Homa ikapanda. Ikapanda hadi viwango vinavyowatisha hata wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, shinikizo la damu likaporomoka, mapafu yakajaa, mwili ukavimba. Alilazwa usingizi wa dawa na kuunganishwa kwenye mashine ya kupumulia. Alipewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, hazikusaidia. Ulifika usiku ambao wazazi waliambiwa nafasi ya binti yao kuiona asubuhi ni moja katika elfu moja, waite ndugu. Carl June amesimulia hadharani kwamba alikwishaandika barua pepe kwa uongozi wa chuo kueleza kuwa mtoto wa kwanza anakufa. Kama angekufa, jaribio lingeweza kufungwa, na pengine fani nzima ingesimama kwa miaka.

Damu yake ilipelekwa maabara kuangaliwa ni nini hasa kinachowaka ndani. Majibu, yaliyokuja kwa haraka isiyo ya kawaida, yalionyesha protini moja, intalukini-6, imepanda mara elfu moja hivi kupita kawaida. June akaitambua. Si kwa sababu ya saratani: binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi wa utotoni, na kwa sababu hiyo baba alikuwa akifuatilia dawa mpya za maradhi hayo. Mojawapo, tosilizumabu, iliyoidhinishwa kwa watoto Marekani mwaka mmoja tu nyuma, inazuia protini hiyo hiyo. Haikuwahi kutumika kwa hali kama ile. Hospitali ilikuwa nayo, kwa sababu ilikuwa na watoto wenye baridi yabisi. Grupp akaamua apewe.

Ndani ya saa chache homa ilianza kushuka. Emily aliamka tarehe 2 Mei 2012, siku aliyotimiza miaka 7, na wauguzi wakamwimbia wimbo wa kuzaliwa. Siku 23 baada ya kupewa seli, uboho wake ulipimwa. Tarehe 10 Mei jibu likawa kwamba hakuna seli ya saratani iliyoonekana. Tangu hapo kila mwaka, tarehe hiyo, familia hupiga picha akiwa ameshika kibao chenye idadi ya miaka bila saratani. Mei 2022 kibao kilisoma 10.

Wanaosimulia huishia hapo. Ripoti ya kitaalamu iliyochapishwa 2013 katika jarida la New England la tiba haikuishia hapo, kwa sababu ilikuwa ya watoto wawili. Wa pili alikuwa msichana wa miaka 10. Alipewa seli zile zile, na timu ile ile, na uboho wake nao ukasafika. Miezi miwili hivi baadaye lukemia ilirudi, na seli zake zilikuwa zimevua ile alama ya CD19. Mwizi alibadilisha nguo. Seli T zilizofunzwa zilikuwepo mwilini, lakini hazikuona cha kushambulia.

Wazazi wa msichana yule nao walisaini. Nina hakika nao walisali, walikesha, walishika mkono mdogo wenye mrija. Hakuna kipimo kitakachoonyesha kwamba walitumaini pungufu. Tofauti ya watoto wale wawili ilikuwa kwenye alama iliyo juu ya seli, na kuidai familia mchango wa tofauti hiyo ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya kutia moyo, hata ukisemwa kanisani au msikitini.

Basi tumaini la akina Whitehead lilifanya kazi gani? Lilifanya kazi ndogo na ya maana: liliwafanya wapige simu ya pili. Waliulizia jaribio, wakaambiwa bado, wakauliza tena. Waliomba maoni ya hospitali nyingine bila kuona wanamvunjia heshima daktari wa kwanza. Huku kwetu jambo hilo ni gumu, mzazi anaona akiuliza sana ataonekana mjuaji na mtoto atanyimwa huduma. Wapo wahudumu wanaoijenga hofu hiyo kwa makusudi, tuseme ukweli. Lakini simu ya pili ilikuwa na mtu wa kuipokea. Mtoto alikuwa na bima, wazazi wawili waliweza kupokezana kitandani, na katika jimbo lao ilikuwepo mojawapo ya timu chache mno duniani zenye tiba hiyo. Mzazi mwenye moyo ule ule kutoka Sumbawanga angepiga simu hiyo kwa nani?

Tiba hiyo iliidhinishwa Marekani tarehe 30 Agosti 2017 kwa jina la Kymriah, baada ya jopo la washauri kupiga kura 10 kwa 0, Emily akiwa ukumbini na umri wa miaka 12. Katika wagonjwa 63 waliotathminiwa, 83 kwa 100 hawakuonekana na saratani ndani ya miezi mitatu. Bei iliyotangazwa na Novartis, kampuni ya dawa inayoitengeneza, ilikuwa dola 475,000 kwa dozi moja, kabla ya kitanda, mashine na dawa za wodi ya mahututi. Natoa bei hiyo kwa sababu najua wapo wazazi wanaosoma kisa hiki usiku, mtoto amelala pembeni, wakijiuliza wauze nini. Wasiuze kitu. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki aliyegunduliwa leo, tumaini lenye msingi ni lile la kwanza la akina Whitehead, lile la Mei 2010: dawa za kawaida, kwa ratiba, mpaka mwisho wake. Muhimbili pale Dar es Salaam watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha, na ipo nyumba ya kufikia wanaotoka mikoani.

Na bado pengo ni la kutisha. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani. Nchi maskini huponya chini ya 30. Sehemu kubwa ya pengo hilo haihusu seli za maabara hata kidogo. Ni kuchelewa kugundua, kwa sababu mtoto aliyepauka na mwenye homa hutibiwa malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ni dawa kukatika ghalani. Na ni familia kuacha njiani: mwezi wa pili mtoto anacheza mpira, nauli imeisha, mama ana wengine nyumbani, bibi anasema huyu amepona mwacheni, sindano za mgongoni zinamtesa bure. Kuna tumaini ndani ya uamuzi huo pia, na ni tumaini la hatari kuliko kukata tamaa, kwa sababu mtoto anaonekana mzima kweli. Daktari asiyeeleza mapema kwamba siku hiyo itakuja, na kwamba ndiyo siku ya kukaza buti, ameiacha familia peke yake mbele ya bibi.

Emily mwenyewe hakutoka bila deni. Seli zake zilizofunzwa hazichagui kati ya seli B mbaya na nzuri, zinafagia zote, na seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili. Kwa hiyo baada ya tiba aliendelea kuhitaji kuongezewa kingamwili kutoka kwa wachangiaji, mwaka baada ya mwaka. Wazazi wake walianzisha taasisi yenye jina lake ya kuwasaidia watoto wengine na utafiti, na Tom amekwenda kwenye mikutano mingi kuzungumza na familia zilizo pale walipokuwa wao Februari 2012.

Kuhusu watoto waliofuata, wanaopewa seli hizi na ugonjwa ukarudi bila alama ya CD19, watafiti wamehamia kwenye alama nyingine, CD22, na kuna majaribio yanayolenga zote mbili kwa pamoja. Nayo tosilizumabu haikubaki bahati ya baba mwenye binti mgonjwa wa viungo. Siku ile ile ya Agosti 2017 Kymriah ilipoidhinishwa, na yenyewe iliidhinishwa kwa dhoruba ya kinga inayoletwa na tiba hiyo, ile iliyomwangusha Emily, na hospitali zikaagizwa zisimpe mgonjwa seli kabla ya kuhakikisha zina angalau dozi mbili za dawa hiyo kwa ajili yake.